Kubadilisha taa ya korido bila kupigwa shoti

Kila mwaka mvua zikianza Mbeya, maswali ni yale yale. "Kaka, taa ya korido imekufa, nimeshaweka balbu mbili na bado haiwaki." "Shemeji, nimenunua taa nzuri Mwanjelwa, lakini darini nimekuta nyaya nne na taa yenyewe ina mbili, nifanyeje?" Na lile linalonitia hofu kuliko yote: "Nilizima swichi kabisa, mbona nimepigwa shoti?" Nimejibu kwenye simu, nimejibu nje ya kanisa, nimejibu nikiwa nimening'inia nyuma ya bajaji. Leo nayaweka yote pamoja.

Haya ni ya mtu anayetoa taa iliyopo na kuweka nyingine palepale. Ukitaka kuongeza taa mahali pasipokuwa nayo, kuvuta waya mpya au kuhamisha swichi, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Na lakiri za TANESCO kwenye mita ya LUKU usiziguse kwa sababu yoyote ile.

Korido ina mtego wake

Chumbani kuna swichi moja. Ikiwa chini taa inawaka, ikiwa juu imezimika, basi. Korido nyingi zina swichi mbili, moja mlango wa sebuleni na nyingine kule mwisho karibu na vyumba, ili uwashe ukiingia na uzime ukifika kitandani. Swichi hizo zinategemeana, kwa hiyo ukiiangalia moja huwezi kujua kama taa imewashwa au imezimwa. Wewe uko juu ya ngazi, mtoto anatoka chumbani, anabonyeza ya kwake kama alivyozoea, na waya ulioushika unapata moto, yaani umeme.

Mimi nilinaswa kwa namna nyingine. Nilikuwa nimepanga nyumba Uyole. Nikazima swichi, taa ikazimika, nikapanda stuli ya jikoni na kufungua holda, kile kishikio cha balbu. Nilijikuta sakafuni, kiwiko kimechubuka na stuli imevunjika mguu. Fundi aliyefunga nyumba ile alikuwa ameipitisha swichi kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya kuipitisha kwenye waya wa moto, ule unaouleta. Taa inazimika vizuri kabisa, lakini moto unabaki darini umekusubiri. Tangu siku hiyo, kwangu swichi ni ya kuwashia na kuzimia taa tu. Umeme unakatwa kwenye breka, ile swichi ya kinga iliyo kwenye boksi la umeme.

Kuchagua taa

Anza na mwanga. Soma lumeni kwenye boksi kabla ya wati. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, karibu sawa na balbu ya kizamani ya wati 60. Korido ya mita sita yenye upana wa mita moja na kitu inatosheka na taa mbili za namna hiyo. Taa moja kubwa katikati haifai, maana inaacha pembe zote mbili na giza, na kwenye pembe ndiko milango na swichi zilipo.

Kisha rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa kelvini. 3000 ni ya njano, 4000 ni nyeupe iliyotulia, 6500 ni ile nyeupe inayoelekea bluu. Madukani utapewa 6500 usipouliza, kwa sababu ndiyo inayoonekana "kali". Mimi siipendi koridoni. Ukitoka saa tisa za usiku kwenda chooni, baridi ya Julai imekushika, halafu ukawasha 6500 kwenye kuta nyeupe, utadhani umeamkia wodini. Chukua 3000, au 4000 kama una mzee anayehitaji kuona vizuri anapokanyaga.

Angalia volti pia. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, lakini anayekaa mwisho wa laini anajua unavyoshuka jioni kila mtu anapowasha jiko na pasi. Taa iliyoandikwa 220–240 itapepesa au kuzima. Iliyoandikwa 85–265 au 100–265 itavumilia. Tofauti ya bei ni ndogo, na utaisahau kabla ya mwezi kuisha.

Kuhusu umbo, za kuning'inia waachie wenye dari ndefu. Siku ya kupitisha kabati au godoro utakumbuka maneno haya. Za kuzamishwa ndani ya dari zinapendeza, ila kila moja inataka tundu, na kwenye nyumba zetu tundu la dari hupitisha vumbi, baridi ya chini ya bati, na harufu ya panya aliyekufa huko juu. Tena nyingi zina LED ya kujengewa humo humo. Ikifa, itabidi utafute nyingine yenye kipenyo kile kile, na dukani utaambiwa "hiyo haiji tena".

Chaguo langu ni taa ya bakuli inayobana dari, yenye holda ya kawaida ndani. Balbu ya kuzungusha, ile E27, au ya pini mbili, yaani B22, utaipata duka lolote kuanzia Tunduma hadi Mafinga. Uliza tu holda yako ni ya aina gani kabla hujatoka nyumbani. Bakuli likiwa limefungwa kabisa linazuia kumbikumbi wa Novemba wasijae ndani, lakini pia linafungia joto, na joto ndilo linalomaliza LED mapema. Hapo inabidi uchague shida yako. Mimi huchukua lililofungwa lakini pana, naweka balbu ya wati 7 au 9, na kamwe sipiti wati zilizoandikwa kwenye holda.

Wenye tyubu laiti za futi nne, hasa Makete na Njombe, mnaijua adha yake: asubuhi ya baridi inapepesa mpaka umeshamaliza kuvaa viatu. Kuna tyubu za LED za kuweka kwenye fremu ile ile, lakini kila aina ina namna yake ya kufungwa, wengine wanataka choki (kile kifaa kizito ndani ya fremu) iondolewe, wengine stata (kile kikopo kidogo cha kuiwashia) tu. Fuata mchoro uliobandikwa kwenye tyubu yenyewe. Binafsi naona heri kuitoa fremu nzima. Ile tyubu ya zamani ina zebaki ndani, kwa hiyo usiivunje, na usiiache uani watoto wakaifanya upanga.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Ngazi ya kukunja inayosimama yenyewe. Stuli, ndoo iliyogeuzwa na kiti cha plastiki si ngazi.
- Testa (bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme), na ukiweza kuazima mita ya kupimia umeme, bora zaidi.
- Bisibisi bapa na ya nyota, zenye mpini wa plastiki usiopasuka.
- Plaizi na kitu cha kumenyea waya.
- Konekta za skrubu na tepu ya umeme.
- Skrubu zinazofaa dari yako (nitaeleza kwenye hatua ya 7).
- Tochi ya kichwani. Ukishakata umeme, korido haina dirisha.
- Mtu mmoja wa kushika ngazi na kulinda breka.
- Simu yenye chaji, kwa ajili ya picha.

Hatua kwa hatua

1. Fungulia taa mpya mezani. Iunganishe na uitenganishe ukiwa chini mpaka mkono uzoee. Tafuta alama: L ni waya wa moto, N ni nyutro, na kile kialama cha mistari inayopungua ni ethi, waya wa usalama unaoelekea ardhini. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, taa hiyo haihitaji ethi. Taa ya chuma isiyo na alama hiyo lazima ifungwe ethi.

2. Kata umeme kwenye breka. Washa taa ya korido kwanza, halafu nenda kwenye boksi la breka. Ya taa mara nyingi imeandikwa 6 au 10, na za soketi zina namba kubwa zaidi. Shusha moja moja mpaka taa ya korido izimike. Kama taa yako imekufa na haiwezi kukuonyesha, angalia taa nyingine za nyumba, ila usiamini moja kwa moja, kwa sababu korido inaweza kuwa imeungwa kwenye breka tofauti. Bandika karatasi: USIWASHE, KUNA MTU JUU. Kama una sola au inveta inayolisha taa za nyumba, zima nayo. Na umeme ukikatika wenyewe, hiyo si nafasi ya kuanza kazi bila kushusha breka. Unaweza kurudi ukiwa umeshika waya.

3. Pima mara tatu. Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme uione inawaka. Panda, toa bakuli na balbu, fungua kifuniko cha holda bila kugusa chuma, na pima kila waya unaouona. Mwambie mwenzako abonyeze swichi ya upande mmoja, pima tena. Abonyeze ya upande wa pili, pima tena. Shuka urudie kwenye soketi, uhakikishe testa haikufa katikati ya kazi. Testa ikiwaka hata kwa unyonge kwenye waya wowote, simama hapo. Breka uliyoshusha huenda siyo. Ukiridhika, shusha na meni swichi, ile kuu ya nyumba nzima. Nyumba ikae giza nusu saa, hakuna atakayekufa.

4. Piga picha. Piga mbili au tatu, kwa pembe tofauti, zionyeshe waya upi unaingia tundu lipi. Watu hupuuza hatua hii kuliko zote, kisha hunipigia wakiwa juu ya ngazi.

5. Weka alama, ndipo ufungue. Hapa ndipo penye lile swali la nyaya nne. Korido yenye taa mbili au tatu, umeme hupita taa ya kwanza kwenda ya pili. Kwa hiyo kwenye taa ya kwanza utakuta nyaya mbili zimebanwa pamoja kwenye tundu moja, na nyingine mbili kwenye tundu la pili. Zilizokuwa pamoja zifunge tepu pamoja, zibaki pamoja. Ukiuacha mmoja nje, taa ya mbele haitawaka. Usitegemee rangi peke yake. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, mpya zina kahawia na bluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili ina zote. Mbaya zaidi, kuna ufungaji ambao waya mweusi unashuka kwenye swichi na kurudi na moto. Ukizikusanya nyeusi zote kwa sababu ni nyeusi, siku ya kuwasha utasikia mlipuko kwenye breka.

6. Toa ya zamani na ukague nyaya. Mshikaji aipokee taa, isining'inie kwa waya. Angalia ncha. Ikiwa plastiki imekuwa nyeusi au imekauka kwa joto, kata sehemu hiyo na umenye upya. Ikiwa inapukutika mkononi hata kule ndani, acha kazi, ziba ncha na konekta, mwite fundi. Ukiona alama za meno, panya amekutangulia, na hapo tatizo halitakuwa kwenye taa hii peke yake.

7. Funga kitako cha taa. Dari ya mbao za Mafinga ndiyo rahisi kuliko zote: skrubu ya sentimita tatu inaingia na kushika. Toboa kitundu chembamba kwanza, paina kavu hupasuka. Dari ya jipsamu haishiki skrubu. Itakaa wiki mbili, kisha utaikuta taa sakafuni na kipande cha dari. Gonga dari kwa kidole mpaka usikie mlio mzito. Hapo juu kuna mbao ya fremu, funga hapo. Kama haipo mahali unapotaka, mtu apande darini alaze kipande cha mbao kati ya mbao mbili za fremu, skrubu ziingie humo. Ya zege inataka drili na vile vijiplastiki vya kushikia skrubu.

8. Unganisha. Menya waya kiasi cha sentimita moja, usizidishe. Shaba isionekane nje ya tundu. Anza na ethi, kisha nyutro, kisha waya wa moto. Kwenye holda ya kuzungusha, waya wa moto unapaswa kufika kwenye kile kibati cha katikati chini, na nyutro kwenye chuma cha pembeni chenye nyuzi. Ukigeuza, taa itawaka vilevile, lakini atakayebadilisha balbu kesho anaweza kugusa moto kwa kidole. Kaza skrubu, halafu vuta kila waya taratibu. Ukitoka, hukukaza. Waya wa ethi usio na pa kwenda usiukate. Ufunge kwenye konekta yake uuache juu.

9. Funga kifuniko, balbu na bakuli. Zikunje nyaya vizuri, isibanwe hata moja chini ya kitako. Bakuli la kioo likaze kwa mkono tu. Nimeona mawili yakipasuka kwa plaizi.

10. Rudisha umeme. Wote washuke ngazi. Pandisha meni swichi, kisha breka ya taa. Jaribu swichi ya mbele, nenda ujaribu ya nyuma, rudi tena mbele. Taa iitikie kila mara, kwa swichi yoyote.

Ikigoma

*Breka inaruka mara tu unapoipandisha au unapowasha swichi.* Kuna nyaya mbili zinagusana, au umekusanya zisizotakiwa kukaa pamoja. Usiilazimishe breka. Rudi hatua ya 2, kisha linganisha na picha. Ukikuta waya umebanwa na kitako, umeshapata jibu.

*Haiwaki kabisa.* Jaribu balbu hiyo kwenye taa nyingine. Ikiwa nzima, kata umeme tena uangalie kama ulikaza skrubu juu ya plastiki badala ya shaba. Hilo ni la kawaida mno. Kwenye holda za pini za bei ya chini, vile vibati vya ndani huzama, badilisha holda.

*Hii inawaka, ya mbele imekufa.* Umeacha waya mmoja wa kupitisha. Soma tena hatua ya 5.

*Inawaka kwa swichi moja tu, au mpaka nyingine iwe upande fulani.* Ikiwa ilikuwa hivyo hata kabla, kasoro iko kwenye swichi, siyo kwenye taa. Kazi ya fundi hiyo.

*Imezimwa lakini inang'aa kidogo usiku, au inamweka kila baada ya sekunde kadhaa.* Hili naulizwa sana tangu watu wahamie LED, na wapo walioniambia ni mambo ya kishirikina. LED inataka umeme kidogo mno ili ionyeshe dalili. Angalia kama swichi ina kile kitaa kidogo chekundu. Hicho hupitisha umeme kiasi cha kutosha kuiamsha. Nyaya ndefu za swichi mbili zilizolala pamoja nazo huambukizana kidogo, na kwenye korido ndefu ni jambo la kawaida lisilo na madhara. Jaribu balbu ya aina nyingine. Lakini inaweza pia kuwa ule ugonjwa wa nyumba yangu ya Uyole, swichi iko kwenye nyutro. Huo mwite fundi auhamishe, usiishi nao.

*Inapepesa jioni tu.* Volti zimeshuka. Kama majirani nao wanalalamika, toeni taarifa TANESCO. Kama ni wewe peke yako, kuna muungano uliolegea mahali, na muungano uliolegea hupata joto.

*Kuna maji au kutu ndani ya bakuli.* Usikimbilie kusema paa linavuja. Asubuhi za Juni bati hutoa jasho upande wa chini na matone hudondokea darini. Kata umeme, kausha, na mtu apande akaangalie maji yanaingilia wapi kabla hujarudisha balbu.

*Harufu ya plastiki inayoungua, au kitako kina moto ukikigusa.* Shusha breka sasa hivi, iache chini, na asipande mtu yeyote mpaka fundi afike, hata yule kijana wa jirani anayesifika kuwa "umeme anaujua".

Na kama nyumba ni ya kupanga, ile taa ya zamani ikiwa bado nzima ifunge kwenye boksi la mpya pamoja na skrubu zake. Siku ya kuhama utairudisha darini kwa hatua hizi hizi, na ya kwako utaondoka nayo.